Rangi 32: fundi wa serigrafi wa Sake na picha iliyotoka Minneapolis

Saa moja na nusu za usiku, kata ya Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma. Umeme umekatika tangu mchana. Ndani ya nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano, simu moja inaangaza nyuso nne: fundi, mke wake, binti yao wa darasa la tano, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa. Kwenye simu kuna picha iliyotoka Marekani. Mpwa wa fundi ndiye aliyeituma, na chini yake kuna ujumbe wa sauti.

"Jambo Mjomba. Angalia hii kitu. Nimesoma kwenye karatasi ya pembeni, wameandika kwamba ni serigrafi. Nikasema, ee, si hiyo ni kazi ya Mjomba! Sasa niambie kama inawezekana kweli, sababu mimi siamini."

Fundi alisikiliza mara mbili. Kisha akaivuta picha kwa vidole viwili ili ikaribie, akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia. Mistari myembamba kama ya ramani za wajenzi. Tao zinazoanza vizuri halafu zinakatika. Vipande vya rangi vinaruka kila upande kama bendera zilizochanwa na upepo. Na juu ya hayo yote, vialama vidogo vyeusi, vingi, vinakimbia pamoja kama moshi au kama nyuki. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna nyumba nzima.

Binti aliichukua simu akaigeuza kichwa chini, miguu juu. Hakuna aliyegundua.

"Ni rangi zimemwagika," alisema mama wa nyumba.

"Hapana," fundi alijibu. "Hizi hazikumwagika. Kila moja imewekwa."

Watu wa Sake watamkumbuka fundi huyu, hata bila kutajiwa jina lake. Atelie yake ilikuwa si mbali na njia panda, pale barabara ya Masisi inapoachana na ile ya Minova. Triko za kwaya, triko za ndoa, triko za matanga zenye foto ya marehemu na tarehe mbili, banderoli za shule: zote zilipita mikononi mwake. Mpwa wake, akiwa mtoto wa miaka minane, ndiye aliyekuwa akizibeba triko mbichi na kuzitundika kwenye kamba, akionywa kila mara asizishike kifuani. Mwaka 2012 mtoto huyo na mama yake walivuka mpaka kule Bunagana wakaingia Uganda. Walikaa kambini miaka mingi, halafu wakapelekwa Minnesota. Fundi alibaki Sake na kadre zake.

Wengi huvaa kazi hii bila kujua inavyofanyika. Unachukua kadre ya mbao, unavuta juu yake kitambaa chepesi sana mpaka kilie kama ngoma. Zamani kilikuwa cha hariri, na jina la serigrafi limetoka huko. Siku hizi ni polyesta. Unapaka emulsio, dawa inayohisi mwanga, ukiwa gizani. Ikikauka, unaweka juu yake karatasi ya kalke yenye mchoro mweusi, unaitoa juani. Pale jua linapopiga, dawa inashika na kuziba matundu. Pale mchoro ulipoweka kivuli, dawa inabaki laini, na ukimwaga maji inatoka. Sasa unaweka wino, unavuta raklete, na wino unapita tu pale palipofunguka. Rangi moja, kadre moja. Ukitaka rangi mbili, unaanza upya na kadre ya pili, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu ya pili lazima iangukie juu ya ya kwanza bila kuteleza hata milimita.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya rangi tatu. Ndiyo sababu alinyamaza muda mrefu mpwa wake alipoandika kwamba ile picha ina rangi 32.

Jina lake ni *Entropia (review)*. Ilichapishwa mwaka 2004 katika atelie ya Highpoint mjini Minneapolis, kwa ushirikiano na jumba la sanaa la Walker la mji huohuo. Si serigrafi peke yake. Imechanganywa na litografia, ufundi mwingine wa zamani unaotegemea kwamba mafuta na maji havipatani. Karatasi ina upana wa mita moja na zaidi kidogo, na kimo cha sentimita 85 hivi. Zilitolewa nakala 45.

Fundi akafanya hesabu kwa mdomo. Kama kila rangi ilipita mara moja, basi 32 mara 45 ni 1440. Mara 1440 karatasi imewekwa chini ya kitu, ikapigwa, ikatolewa, ikaachwa ikauke, ikarudishwa. Bila kuhesabu zile zilizoharibika. "Rangi ya 30 ikikosea," alisema, "umetupa kazi ya rangi 29."

Jirani, aliyekuwa amesahau chumvi yake, akauliza kwa nini walisimama kwenye 45. Kama kadre iko tayari, si uchape mia tano, uuze? Swali hili lilizua ubishi mpaka betri ikaanza kulia. Kwa fundi wa Sake, kadre huoshwa kwa sababu emulsio ni ghali na kesho kuna mteja mwingine. Kwa atelie za namna ile, kadre huoshwa ili nakala zisiongezeke. Kila karatasi hupewa namba kwa penseli na mwenye kazi anatia saini. Anayenunua anajua kuna wengine 44 tu. Mama wa nyumba akasema huo ni ujanja wa biashara kama ujanja mwingine. Huenda. Lakini fundi alikubaliana nao kwa jambo moja: mtu anayesaini kila nakala hawezi kuachia mbaya ipite.

Aliyesaini ni Julie Mehretu. Alizaliwa Addis-Abeba mwaka 1970, baba Mwethiopia, mama Mmarekani. Mwaka 1977, wakati nchi ile ilikuwa katika umwagaji wa damu chini ya utawala wa kijeshi, familia iliondoka na kwenda kuishi East Lansing, jimbo la Michigan. Mtoto hakuwa bado na miaka saba. Baba yake alikuwa mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu, na mtu akiziangalia kazi za binti haoni ajabu kwamba zimejaa ramani. Ndani yake kuna michoro ya viwanja vya mpira, viwanja vya ndege, barabara na majengo ya serikali, imewekwa moja juu ya nyingine mpaka haisomeki tena. Kisha anakuja juu na vialama vyake vidogo. Yeye mwenyewe amezoea kuviita wahusika, kama vile mtu anavyosema wahusika wa hadithi: kila kimoja kinatembea, kinakutana na vingine, kinapigana, kinahama.

Hata jina la picha liko hapo. Entropia ni neno la wanafizikia, na linahusu tabia ya vitu kuelekea kwenye kutawanyika. Mpwa alilieleza hivi katika ujumbe wake wa pili: "Mjomba, ni kama ukiacha mfuko wa maharagwe utoboke kwenye chukudu. Unaweza kuyaokota, lakini hayatarudi mfukoni kama yalivyokuwa."

Hapo fundi akasimulia habari ya zile triko za njano, ambayo hata mke wake hakuwa ameisikia yote.

Mwezi wa pili kwake ulikuwa mwezi wa kutayarisha sikukuu ya 8 Machi. Mwaka 2024 kikundi cha akina mama wa Sake kiliagiza triko 60, rangi mbili: jua la njano na miale yake, halafu juu yake maandishi meusi na mikono miwili iliyoshika jembe. Walilipa avansi ya dola 80. Alimaliza njano. Zote 60 zilikuwa kwenye kamba, zinasubiri nyeusi, wakati mabomu yalipokaribia na mji ukaanza kumwagika kuelekea Goma. Aliondoka na mke, binti, godoro na sufuria. Kadre zilibaki zimeegemea ukuta. Walikaa chini ya shitingi, mvua na jua, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilipovunjwa.

Alirudi Sake mara moja kutazama. Mlango wa atelie haukuwepo. Kadre zote zilikuwa zimechomwa kuni, isipokuwa moja iliyobaki na kitambaa kilichopasuka. Hakumlaumu mtu, alisema mwenye njaa haulizi ubao ulikuwa wa nini. Za triko hakuona hata uzi.

Kisha siku moja, karibu na soko la Birere, alimwona kijana anasukuma chukudu yenye mifuko ya makala. Kifuani alikuwa na doa la njano: duara, na vipande virefu vikitoka kila upande. Vilikatika ghafla pale ambapo mikono ingepita. Bila ile nyeusi, halikuwa jua wala chochote. Mtu asiyejua angesema ni pambo la kisasa. Fundi alisimama kando ya barabara akaliangalia mpaka chukudu ikapotea. Hakumwita kijana. Angemwambia nini? Labda aliinunua kwa franga zake sokoni.

"Hii picha ya mpwa wangu," alisema, "ina mambo mengi ya namna ile. Vipande ambavyo vilikuwa vya kitu. Wewe hujui kitu gani. Yeye anajua, au alijua."

Kuna watu watakaosikia habari hii na kuuliza: vita iko mlangoni, benki zimefungwa, watoto hawajasoma, halafu mnatuletea picha ya Minneapolis isiyoonyesha hata mtu? Swali ni la haki. Lakini hakuna watu duniani wanaopigwa foto kama wakimbizi wa ndani wa Kivu ya Kaskazini. Kila gari lililoingia kambini lilikuwa na kamera. Mama anayenyonyesha, foto. Mzee kwenye foleni ya maji, foto. Mtoto mwenye tumbo, foto mbili. Mke wa fundi mwenyewe alipigwa akiwa amebeba shitingi kichwani, na hajui uso wake ulienda wapi wala umetumika kuombea nini. Aliambiwa tu: asante mama. Tangu siku ile, akiona kamera anageuza kichwa.

Ni yeye, aliyesema rangi zimemwagika, ambaye baadaye aliichukua simu na kuangalia peke yake. Akarudi na neno moja: "Hapa hakuna mtu aliyepigwa foto." Hakusema kwamba ameipenda. Alisema kwamba mkimbio uko pale, ule wenyewe, kila mtu na njia yake na hakuna anayejua mwenzake kapita wapi, na bado hakuna uso wa mtu uliochukuliwa. Hilo neno lina uzito kuliko mengi yanayoandikwa kwenye kuta za majumba ya sanaa.

Mji ilikochapishwa picha ile si mgeni kwa watu waliokimbia. Minnesota ndilo jimbo lenye Wasomali wengi kuliko mengine yote ya Marekani, na Waethiopia, Waoromo na Waeritrea wapo pia, na Wakongo. Kabla ya kuichapa *Entropia*, Mehretu alialikwa na Walker kukaa na kufanya kazi mjini humo. Wakati huo alishirikiana na vijana wa sekondari kutoka familia za Afrika ya Mashariki. Walikusanya wenyewe picha na sauti za maisha yao, njia wanazopita, maduka, nyumba zao. Mwaka 2003 kazi hiyo ilitolewa kwa jina lisilo na aibu: *Minneapolis and St. Paul Are East African Cities*, yaani miji hiyo miwili ni miji ya Afrika ya Mashariki. Mwaka mmoja baadaye ndipo picha ya rangi 32 ikatoka. Katika ile kazi ya kwanza vijana walishika wenyewe kamera na vinasa sauti. Hakuna aliyewaambia asante mama. Anayefanya kazi ya redio anaelewa tofauti hiyo haraka.

Mpwa alikuwa bado kuzaliwa wakati huo. Lakini aliposimama mbele ya karatasi ile, katika jumba la makumbusho la Minneapolis ambako kuingia ni bure, kilichomshika si habari za mkimbio. Alisema kwamba alisikia harufu. Harufu ya wino wa atelie ya Sake, ambayo haikuwepo pale hata kidogo. Makumbusho hayanuki kitu. Alisoma lile neno serigrafi na mikono yake ikakumbuka namna ya kubeba triko mbichi, kwa ncha za mabega.

Alirudi mara nyingine kumwonyesha mama yake, wakakuta ukuta una kitu kingine. Karatasi za namna ile hazikai nje siku zote. Mwanga unazichosha, rangi zinafifia, kwa hiyo zinatolewa kwa miezi michache halafu zinarudishwa gizani, ndani ya masanduku na droo, zilale. Mwaka 2020 makumbusho hayo yalichukua hifadhi nzima ya atelie ya Highpoint, kwa hiyo ziko nyingi zinazosubiri zamu. Mama yake alisikitika. Fundi, aliposimuliwa, hakusikitika. Mwanga ndio unaopika emulsio. Mwanga huohuo kula rangi kwake si habari mpya.

Aliuliza swali moja tu kuhusu mwanamke yule, na alilituma usiku sana, wakati wengine wamelala.

"Muulize kwenye intaneti. Alirudi kwao?"

Jibu lilikuja asubuhi. Anaishi New York. Lakini mwaka 2016 kazi zake zilionyeshwa Addis-Abeba, katika jumba la sanaa lenye jina la Gebre Kristos Desta. Huyo naye alikuwa mchoraji Mwethiopia, mmoja wa wa kwanza wa nchi yake kuchora picha zisizoonyesha mtu wala kitu; alikimbia utawala uleule wa kijeshi na akafia uhamishoni Marekani mwaka 1981. Picha za binti aliyeondoka akiwa mtoto zilitundikwa ndani ya jumba la mzee ambaye hakurudi.

Fundi alisikiliza, akasema "sawa", akafunga simu. Mega zilikuwa zimeisha.

Siku tatu baadaye alionekana kwa seremala wa Ndosho akichagua vipande vinne vya mbao visivyopinda. Kitambaa alikipata kwenye pazia kuukuu, ile nyepesi inayoonyesha upande wa pili. Si nzuri, matundu yake ni makubwa na maandishi madogo yatajaa wino, lakini inavutika. Emulsio alikopeshwa nusu kopo na fundi mwenzake wa mjini. Raklete alichonga mwenyewe kutoka kwenye kipande cha mpira. Mwenyekiti wa kile kikundi cha akina mama, ambaye naye amehamia Goma, alikuwa amekuja mara mbili kuuliza kwa upole habari ya dola 80. Safari ya tatu alikaribishwa kiti.

Walikubaliana triko 25, kwa ajili ya wale waliobaki pamoja. Wengine wametawanyika, Minova, Bukavu, Uganda. Rangi moja tu, nyeusi. Wino wa njano ni pesa ambayo haipo.

Alivuta ya kwanza uani mbele ya binti yake, juu ya karatasi ya sementi, ili kujaribu. Mikono miwili, jembe, maandishi. Katikati pakabaki peupe, mviringo mzima, pale jua lilipokuwa. Binti aliangalia mchoro ule, akaweka kidole kwenye ule weupe.

"Papa, hapa pamekosa kitu."

"Hapajakosa," alisema, akiinama kuosha raklete. "Hiyo njano inatembea na chukudu."